Unatuharibia Sauti

"Nifundishe ulivyolia," mwigizaji alisema.

Mama Pacha, aliyekuwa amechutama mbele ya karai akisugua foronya za nyumba ya wageni, alidhani amesikia vibaya. Mgeni huyu alifika asubuhi ile ile, amevaa gauni la kawaida mno kwa mtu ambaye picha ya uso wake imebandikwa kila ukuta wa mtaa, akajikalia juu ya ndoo iliyopinduliwa kana kwamba amezaliwa uani pale. Watoto wa vyumba vya jirani walikuwa wamejazana mlangoni mwa ua, wanamkodolea macho.

"Nilivyolia nini, dada?"

"Siku ile. Mtoto alipoanguka. Kuna wanaopiga ukunga mara moja, na kuna wanaoishiwa sauti kabisa. Wewe ulikuwa wa namna gani?"

Mama Pacha aliikamua foronya, akaikunjua, akaikamua tena ingawa ilikuwa imekauka maji. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa povu hadi viwikoni. Ni miaka mitatu sasa hakuna mtu aliyemtajia siku ile usoni. Majirani walikuwa wakiitaja kwa mbali, kwa kushusha sauti, kama watu wanaopita karibu na mbwa aliyelala.

"Nani amekwambia habari zangu?"

"Baba watoto," mwigizaji akashangaa. "Ameweka sahihi tangu Jumatatu. Kesho tunapiga picha hapa hapa uani. Kwani hamkuzungumza?"

Mwanamke anaweza kuvumilia kusalitiwa; kinachomshinda ni kusalitiwa mbele ya mgeni. Mama Pacha akashika foronya nyingine.

"Tulizungumza," akasema. "Nilisahau tu."

Mwigizaji akamwekea mkono begani. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa yamelowa kweli, na aliposema "pole, mama," aliisema kama mtu mwenye kumaanisha. Kisha akatoa kijidaftari mkobani.

"Basi nionyeshe mikono tu. Uliiweka kichwani au kiunoni?"

*

Baba Pacha alikuwa mpaka rangi. Aliporudi mchana kula, kope zake zilikuwa na vidoadoa vya kijani, na mkewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, sahani hazijawekwa.

"Umeniuza."

"Sijamuuza mtu. Wameomba ua, nimewapa ua. Siku mbili tu."

"Na kilio changu je? Nacho kimo kwenye kodi ya ua?"

Mume akakaa kitandani, kwa kuwa kiti kilikuwa na mlima wa mashuka yaliyopigwa pasi. Alieleza polepole, kama mtu anayetembea juu ya sakafu yenye utelezi. Filamu ile ilikuwa ya familia tano za mtaa mmoja, kila familia na kidonda chake: mmoja kafukuzwa kazi, mwingine kakimbiwa na mke, mwingine mwanawe yuko gerezani. Mwishoni wote wanakaa pamoja na kusameheana. Mwongozaji aliisikia habari ya Kidoti, pacha aliyekufa, kwa majirani, akasema hicho ndicho kidonda cha tano, hicho ndicho kitakachobeba vingine vyote.

"Kusameheana nani na nani?" Mama Pacha akauliza.

Mume akawa anabandua rangi kwenye kucha.

"Nakuuliza, baba. Nani na nani?"

"Na yeye. Tena atakuwepo. Amepata kazi kwao, anawabebea taa na kuwafungia nyaya."

Jina la huyo yeye halikuwa limetajwa ndani ya chumba kile miaka mitatu. Alikuwa mdogo wake Baba Pacha, fundi umeme, mcheshi, mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Swichi kwa kuwa akiingia mahali hata wenye huzuni huwaka. Watu walipomzika Kidoti, jina lile nalo likafa. Wakaanza kumwita Mtoa Roho.

"Mke wangu," Baba Pacha akasema, "yule tumenyonya ziwa moja. Nimemnunia miaka mitatu kwa ajili yako. Nikimwona barabarani navuka. Sikupingi, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini nami nimechoka."

"Basi nenda kakae naye."

"Kuna na jambo lingine," akasema, na sauti ikamshuka. "Wamemwomba Pacha asimame mahali pa mwenzake."

Mama Pacha akataka kusema, lakini sauti nyembamba ikamtangulia kutoka mlangoni. Mtoto alikuwa amesimama pale na mkoba wa shule mgongoni, miaka kumi na moja, miguu mirefu, uso ule ule ambao ulikuwa nyuso mbili.

"Nimekubali mwenyewe, mama. Usimgombeze baba."

"Umekubali kufa?"

"Ni kuigiza tu. Nataka kujua alianguka vipi. Mimi sikumwona. Ulikuwa umenituma sabuni."

Mama Pacha akayainua mashuka kwenye kiti, akayaweka kitandani, akayarudisha kwenye kiti.

*

Alichokijua Mama Pacha, na ambacho hakumwambia mumewe, wala polisi, wala mama mkwe aliyempigia magoti akimsihi amsamehe Swichi, ni hiki.

Juma lile nyumba ya wageni ilikuwa imejaa, na mashuka yalikuwa yanakuja kwa mafungu. Banda la kupigia pasi halikuwa na umeme. Akamwita shemeji yake. Swichi akaja na kipande cha waya wa zamani, akautazama, akaukunja kidoleni, akasema, "Shemeji, huu umechubuka ganda. Tena hapa hauna njia ila kupita kwenye nguzo ya kuanikia, na kamba yako yenyewe ni ya chuma. Niache nikanunue bomba la kuufunika. Kesho asubuhi nafunga."

"Kesho mashuka haya yatakuwa ya nani? Nitanyang'anywa kazi!"

"Umeme hauna shemeji, shemeji."

"Fundi gani wewe unayeogopa waya? Kama huwezi sema, nimwite mwanamume."

Alisema hivyo mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakichota maji, nao wakacheka. Swichi naye akacheka, akapanda ngazi, akafunga. Kesho yake asubuhi, kabla hajafika na bomba lake, Kidoti alichukua shuka lililolowa chapachapa akalitupia juu ya kamba.

Polisi walipouliza, Mama Pacha alisema, "Mimi ni dobi tu. Mambo ya umeme sikujua alivyofunga." Wale wanawake wawili mmoja alishahama, na mwingine alijifanya hakusikia. Swichi alikaa rumande miezi minane. Alipotoka, leseni ilishachukuliwa na mke alisharudi kwao. Naye hakumtaja shemeji yake, si kwa polisi, si kwa mama yake mzazi, si kwa mtu. Hilo ndilo lililomfanya Mama Pacha azidi kumchukia. Si rahisi kumsamehe mtu anayekushikia siri bila kukudai.

*

Siku ya pili ua haukuwa ua tena. Kulikuwa na taa zenye miguu mitatu kila pembe, nyaya zimelala chini kama matumbo, na mwanamume mfupi mwenye miwani kichwani, ndiye mwongozaji, anazunguka akisema "kimya, kimya" kwa watu ambao tayari wamenyamaza. Mtaa mzima ulikuwa umefika. Wengine walikuwa wamevaa nguo za harusi, wakitumaini kamera itapotea njia iwaelekee.

Swichi aliingia wa mwisho, kabeba taa begani. Alikuwa amekonda, na nywele zimeanza kuota mvi upande mmoja tu, kama mtu aliyelalia unga. Alipofika karibu na banda la pasi akasimama, akainamisha kichwa.

"Shemeji. Habari za siku nyingi."

Mama Pacha alichukua beseni la maji machafu akayamwaga hatua moja kutoka miguuni pake. Watu wakaguna. Swichi akasogeza nyaya zisilowe, akaendelea na kazi.

Banda lilikuwa limegeuzwa chumba cha kupambia. Mama Pacha alipochungulia alimkuta binti yake juu ya kiti, uso umeinuliwa, na msichana wa vipodozi amemwinamia na kalamu nyeusi akishikilia pumzi. Baba Pacha alikuwa amewapa ile picha ya zamani. Msichana akaitazama, akatazama shavu, akagusa mara moja chini ya jicho la kushoto. Kidoti. Kile kile kidoadoa kilichowatofautisha tangu siku ya kuzaliwa, kilichompa marehemu jina.

Mtoto akageuka. "Mama, nimefanana?"

Mama Pacha akajishikilia kwenye nguzo ya mlango. Aliyemwuliza alikuwa Kidoti, mrefu zaidi, na sauti ya Pacha kinywani.

"Amekua lakini," msichana wa vipodozi akamwambia mwongozaji aliyepita.

"Kimo hakina neno. Akilala chini hakionekani."

Wakamlowesha gauni. Wakamlaza kwenye udongo chini ya nguzo, mkono mmoja umekunjwa mgongoni, shuka limemfunika miguu. Mwongozaji akamwambia asipepese macho. Mwigizaji akasimama mlangoni mwa chumba, akafumba macho kidogo, kisha akaja mbio akipiga ukunga, mikono kichwani, akajitupa chini.

"Kata! Mtoto ametikisa kidole. Tena."

Wakarudia. Mara hii mtoto hakutikisika, lakini kuku wa jirani alikatiza. Tena. Jua likafunikwa na wingu. Tena. Maji kwenye gauni yalikuwa yanakauka, wakamwagia mengine. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kutetemeka kwa baridi, na mwongozaji akasema hiyo mitetemeko ni mibaya, maiti hasikii baridi. Mara ya sita kila kitu kilikwenda sawa. Mwigizaji alikuja, akalia vizuri, akamwinua mtoto mikononi, kichwa cha mtoto kikaning'inia nyuma, na kidoti kikaelekea juani.

"Kata! Kata! Nani analia?"

Kila mtu akatazama mwenzake.

"Nimeuliza nani analia huko nyuma? Inaingia kwenye kipaza sauti!"

"Ni mama mwenyewe, bosi," mtu akasema.

Mwongozaji akaja hadi alipokuwa amesimama Mama Pacha. Akavua miwani kichwani, akaongea kwa upole wa mtu mwenye haraka.

"Mama, pole sana. Naelewa. Lakini unatuharibia sauti. Kama huwezi kujizuia, nenda ukalie upande wa barabarani."

"Ni mwanangu yule."

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana tunataka itoke vizuri."

Baba Pacha akamshika mkewe mkono kumwondoa. Mkewe akauchomoa. Akachukua ncha ya kanga akaisokota, akaiingiza mdomoni, akauma. Wakarudia mara ya saba. Wakarudia mara ya nane, na hiyo ikawa nzuri.

*

Baada ya chakula ilifuata sehemu ya msamaha. Aliyeigiza fundi umeme alikuwa mwanamume mwenye kitambi na sauti nzito ya redioni. Alipiga magoti mbele ya mwigizaji, akanyoosha mikono, akaomba radhi kwa maneno marefu yaliyonyooka.

"Hapana," mwongozaji akasema. "Unaomba radhi kama mtu aliyemwaga chai. Hebu." Akageuka huku na huku. "Fundi! Wewe unayeshika taa. Njoo. Wewe ungesemaje?"

Majirani waliokuwa nyuma wakasimama kwa ncha za vidole.

"Mimi nabeba taa, bosi," Swichi akasema.

"Leo utabeba maneno. Mwambie mwenzako tu, apate kuona. Hatukupigi picha."

Watu wachache wakacheka. Swichi, rundo la nyaya begani, hakuiweka taa chini. Aliisimamisha mbele yake na kuishika kwa mikono miwili, kama mtu anayejificha nyuma ya mti mwembamba. Alitazama chini, akamtazama mtoto aliyekaa kwenye ngazi amefungwa taulo, akatazama chini tena.

"Ningesema ni mimi. Niliona ganda la waya limechubuka, nikaliacha. Nilikuwa na haraka zangu. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyeniharakisha. Ni mimi."

Mwigizaji hakungoja kuambiwa. Akamwendea, akamwekea mkono kichwani, machozi yanamtiririka.

"Nimekusamehe, shemeji."

Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakafuta macho. Mwenye kitambi akatikisa kichwa kwa kukubali. Na bibi wa chumba cha mwisho, aliyekuwa bega kwa bega na Mama Pacha, akamgeukia na kusema kwa sauti ya kusikika, "Umeona? Mgeni ameweza. Wewe, roho yako ya jiwe, miaka mitatu umeshindwa."

"Mwongo," Mama Pacha akasema.

"Nani mwongo?"

"Huyo. Shemeji. Mwongo." Alikuwa ameshatoka kwenye kundi la watu bila kujua ametoka vipi. "Aliniambia kesho. Alisema waya umechubuka, akanunue bomba, atafunga kesho. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia kama huwezi nimwite mwanamume. Alipanda ngazi ile kwa sababu nilimtukana."

Mwongozaji aliinua kidole kimoja, bila kugeuka. Mpiga picha akaielekeza kamera.

"Nikawaambia polisi sijui kitu," Mama Pacha akaendelea. "Nilijua. Kila kitu nilijua. Shemeji, nisamehe."

Alikuwa amelingoja neno lile limtoke kama mtu anavyongoja jipu lipasuke, apate nafuu. Nafuu haikuja. Swichi aliilaza taa chini taratibu, akaifunga kifuniko chake, akasimama. Uso wake, uliokuwa mpole siku zote, ulikuwa umekaza.

"Ungenyamaza," akasema.

"Shemeji..."

"Miezi minane nilikungoja. Kila mlango ulipogongwa nilisema ni shemeji, amekuja kusema lile neno. Hukuja. Nilipotoka nikasema basi. Mtoto aliyebaki ana mama mmoja. Kama mama huyo ataweza kula na kulala kwa kunichukia mimi, na anichukie, alimradi mtoto asijue. Sina mke, sina kazi, sina jina. Nilichobaki nacho ni kwamba nilimnyamazia mtoto huyu. Hicho tu." Akaonyesha ngazi. "Nacho umekichukua leo, mbele ya kamera."

Watu wote wakageuka kumtazama Pacha. Alikuwa amesimama, taulo limeanguka, kile kidoadoa kimelowa na kuanza kuchuruzika shavuni.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Na siku ile sokoni. Baba mdogo alinisalimia, wewe ukatema mate. Nami nikatema." Akajifuta rangi shavuni. "Nilimtemea, mama. Alikuwa amenishikia chungwa."

Mama Pacha alinyoosha mkono. Mtoto akaupita, akaingia chumbani, akaufunga mlango.

Mama Pacha alitamani mumewe atukane, hata apige, kwa kuwa kipigo kina mwisho wake. Mwanamume yule alikwenda hadi kwa ndugu yake, akalitoa rundo la nyaya begani mwake, akaliweka begani mwake mwenyewe. Wakatoka pamoja, watu wakiwapisha.

"Kata," mwongozaji akasema kwa sauti ndogo.

*

Jua lilikuwa bado juu walipoanza kukunja vifaa. Majirani walitawanyika wakiwa na mazungumzo ya mwezi mzima. Mama Pacha alikuwa amekaa chini, amejiegemeza kwenye banda. Mwongozaji akachutama mbele yake.

"Mama, sina la kusema. Ile ilikuwa... hakuna anayeweza kuiandika." Akajikuna shingo. "Ila kuna tatizo dogo. Kamera ilikuwa upande wa mgongo wako mwanzoni. Uso hatukuupata hadi katikati. Tunaomba, kama una nguvu, urudie pale pa mwanzo. Pale unaposema mwongo."

Mwigizaji, aliyekuwa akijifuta vipodozi karibu, akasema, "Mwache mama wa watu, bwana."

Mama Pacha akainua macho. Alikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoifahamu.

"Nisimame wapi?" akauliza.

Wakamwonyesha. Wakamwekea alama ya chaki chini. Akasimama juu yake, mikono imelegea ubavuni, mahali alipokuwa Swichi pamewekwa kiti kitupu ili ajue pa kutazama. Akasema, "Mwongo. Aliniambia kesho." Akayasema yote, moja baada ya jingine, bila kukosea, kama mtoto anayesoma shairi darasani. Akarudia mara ya pili walipomwomba atazame juu kidogo. Chozi halikumtoka hata moja.

Mwongozaji akamsikiliza hadi mwisho, akashusha miwani machoni.

"Basi, mama. Asante. Tutatumia ile ile ya mgongo."

*

Baba Pacha hakurudi siku ile. Asubuhi Mama Pacha alimtengenezea mtoto chai, mtoto hakuigusa. Mama akavaa kanga safi, akafunga mlango wa banda la pasi, na kwa mara ya kwanza mashuka ya nyumba ya wageni yakalala kwenye karai. Alipofika kona ya tatu akageuka, akamwona Pacha anamfuata kwa mbali, upande mwingine wa barabara. Hakumwita. Wakaenda hivyo hivyo, kila mmoja upande wake, hadi kwenye safu ya vyumba nyuma ya kiwanda cha matofali, alikopanga Swichi.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani ndugu wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka na mkate kati yao. Swichi alikuwa anaeleza jambo, na Baba Pacha, ambaye mkewe hakumwona akicheka siku nyingi, alikuwa amejishika mbavu. Kivuli cha Mama Pacha kilipoangukia mkeka, kicheko kikakatika.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyesema karibu.

"Shemeji, sikuja na maneno mengi. Nimekuja kukuomba radhi bila watu. Naweza kwenda kwa waliochukua leseni yako nikawaeleza. Naweza kwenda polisi."

"Nenda," Swichi akasema. "Hilo nenda. Hukuhitaji kupita kwangu."

"Na radhi?"

Swichi akakata kipande cha mkate, akakiangalia, akakirudisha.

"Shemeji, mimi nimekubeba mgongoni muda mrefu. Jana umeshuka. Mgongo haujajua bado kama umeshuka. Usiniulize leo."

Akamtazama mumewe. Baba Pacha alikuwa akiutazama mkeka.

"Baba Pacha."

"Miaka mitatu," mume akasema, "sikumpa ndugu yangu hata mkono. Aliugua, sikwenda. Nyumba alifukuzwa, sikwenda. Niache kwanza."

Ndipo mtoto akafika. Alisimama nyuma ya mama yake, akipumua haraka, hajui aanzie wapi. Swichi alipomwona akajifuta mikono kwenye suruali, akanyanyuka.

"Shikamoo, baba mdogo," Pacha akasema, na hapo hapo akaanza kulia.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Pita ndani."

Mtoto alipita kando ya mama yake bila kumgusa, akakaa kwenye mkeka. Baba yake akamsogezea mkate. Alikula akilia, kamasi na makombo pamoja, na baba mdogo akamfuta kwa kiganja kama alivyokuwa akimfuta alipokuwa mdogo. Kisha mtoto akatazama mlangoni.

"Na mama je?"

Swichi akainama kukusanya makombo mkekani. Aliyakusanya kwa muda ambao mtu anaweza kuufua mkono wa shati. Halafu akainuka, akachukua kigoda kimoja kilichokuwa pembeni, akapita nacho mlangoni bila kumtazama shemeji yake. Akakiweka nje, ukutani, palipokuwa na kivuli. Akarudi ndani. Mlango akauacha wazi.

Mama Pacha akakaa. Kutoka pale aliwasikia wakiongea, ila maneno hayakumfikia yote. Mwanamke mmoja akapita na ndoo, akasimama, akauliza kama wenyewe wapo.

"Wapo," Mama Pacha akasema.